Nikiamka jua limeshazama. Baridi hii niipe maana gani?

Shikamoo Shangazi,

Nina miaka 34, mama wa mtoto mmoja. Nilizaliwa Fizi, Kivu Kusini. Tulikimbia mwaka 1996 nikiwa na miaka minne, kwa hiyo kukua nimekulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Kigoma. Mama yangu bado yuko kambini. Kaka yangu alirudi Fizi na ana familia huko. Mimi, mume wangu na binti yetu Neema, miaka saba, tuko Winnipeg, Kanada, na hii ni Januari yetu ya pili.

Winta ya kwanza niliipita kama mgeni, kila kitu nikapiga picha. Hii ya pili imenikaa kifuani. Nafanya usafi maofisini usiku, saa tano hadi saa moja asubuhi. Nafika nyumbani saa mbili kasoro robo kukiwa bado giza, mume wangu anatoka na mtoto, nami nakaa na simu nikitafuta habari za Fizi mpaka saa tatu na nusu. Tangu Goma ichukuliwe na waasi Januari 2025, na Bukavu mwezi uliofuata, siwezi kufumba macho kabla sijajua huko kumetokea nini. Halafu nalala. Nikiamka saa kumi na moja jioni, jua limeshazama. Kuna wiki nimemaliza bila kuliona hata mara moja.

Dirishani nimetundika blanketi ili mwanga usinisumbue. Juzi nimelifunua nikakuta barafu imeota kwa ndani, kwenye kioo na kwenye fremu, nene kama ganda la muhogo. Nilikaa chini nikalia. Niliona kama baridi imechoka kusubiri nje, sasa imeingia.

Dada mmoja wa kanisani aliniambia theluji ni Mungu anatusafisha. Mwingine akasema nchi inayovaa sanda miezi mitano si nchi ya kuishi watu. Neema yeye anaipenda. Kila siku ananiambia twende nje, kila siku namjibu kesho. Na nikisema ukweli, naona vibaya kucheza na theluji wakati kaka yangu hajui kesho atalala wapi. Faili la mama la kuomba kuja huku nalo liko kimya, huu mwaka wa pili.

Sina mawazo ya kujidhuru. Nakula, naenda kazini. Ila nataka kujua hali ya hewa hii niichukulieje. Nyumbani mvua ilikuwa na maana: ilikuambia lima, ilikuambia anua nguo. Hii ya hapa hainiambii kitu.

Mama Neema, Winnipeg

* * *

Marahaba, Mama Neema.

Barua yako imejaa saa, basi tuanze na saa. Maana tutaifikia, lakini mtu hawezi kusoma maandishi gizani.

Sisi tunahesabu saa kwa jua. Jua likitoka ni saa kumi na mbili, na ukitembea saa moja mbele ni saa moja. Hesabu hiyo inakubali Kigoma, ambako siku ndefu na siku fupi ya mwaka hazipishani hata dakika 40. Winnipeg iko karibu nyuzi 50 kaskazini mwa ikweta. Desemba 21 jua lilitoka hapo kama saa 2:25 asubuhi na kuzama kama saa 10:29 alasiri. Mchana mzima ni saa 8 na dakika chache. Saa ya Kiswahili imevunjika mkononi mwako na hakuna aliyekuambia, ndiyo maana unaona kama mbingu imekugeuzia mgongo. Haijakugeuzia mgongo. Wewe uko nyuma ya blanketi, na simu au usingizini, muda wote ambao jua liko juu.

Angalia hesabu yako sasa. Katikati ya Januari jua linatoka saa 2:22 na kuzama saa 10:54. Wewe unafika nyumbani saa mbili kasoro robo, unakaa na simu hadi saa tatu na nusu, unalala kwa muda wa saa saba na nusu, unaamka saa kumi na moja kamili. Umelikosa kwa dakika sita. Ukiingia kitandani saa mbili asubuhi, kabla halijachomoza, na ukalala saa zilezile saba na nusu, unaamka saa tisa na nusu alasiri ukiwa na karibu saa moja na nusu ya mwanga mbele yako. Simu inakula dakika 90 asubuhi, na dakika 90 hizo ndizo jua lako lote la siku.

Najua utasema habari za Fizi haziwezi kusubiri. Hebu tazama tofauti ya saa. Wakati wa winta Kivu Kusini iko mbele yako kwa saa nane. Saa mbili asubuhi kwako ni saa kumi jioni kwao: siku bado inaendelea, watu wanakimbia, watu wanarudi, na kila kundi la WhatsApp linatupa sauti ambazo nusu yake zitakanushwa kabla ya usiku. Unasoma uvumi ukiwa mbichi, halafu unajaribu kulala nao. Ukisoma saa kumi na moja jioni, kule ni saa saba usiku. Siku yao imefungwa, waliosema uongo wameshaumbuliwa, na kwa kuwa wengi wamelala, habari zina mwisho. Soma dakika 20, weka simu chini. Kama kuna dharura ya kweli, kaka yako atapiga. Zima makundi yote, acha namba tatu tu ziweze kulia ukiwa umelala: mume, kaka, mama.

Na mama yako mpigie saa nne usiku kabla hujatoka kwenda kazini. Tanzania iko mbele yako kwa saa tisa, kwa hiyo kwake ni saa moja asubuhi, na Januari jua la Nyarugusu huchomoza dakika chache tu kabla ya hapo. Muulize limetokaje. Kuna mawingu? Ukungu umeshuka? Mvua ilinyesha usiku? Hali ya hewa ni kitu pekee ambacho ninyi wawili mnaweza kuambiana kila siku bila kuogopana wala kufichana. Naye mwambie ya kwako kwa nambari. Mama akisikia "baridi sana" atalala na wasiwasi. Akisikia "leo ni hasi 24, upepo umetulia, jua lipo", atakuwa na kitu cha kuwasimulia majirani.

Siku ambazo huwezi kutoka alasiri, taa ya tiba ya mwanga inasaidia, ila watu wengi huinunua na kuitumia vibaya. Inatakiwa itoe luksi 10,000 (luksi ni kipimo cha mwanga), na nambari hiyo huwa ni ya umbali ulioandikwa kwenye boksi, mara nyingi sentimita 30 hadi 60. Ukiiweka mara mbili ya umbali huo, mwanga unaokufikia unakaribia kuwa robo, na dakika 30 zako zinakuwa za bure. Iweke mbele yako pembeni kidogo, macho wazi, usiikodolee. Kunywa chai, msikilize Neema akisoma. Dakika 30 mara baada ya kuamka, yaani saa tisa na nusu yako ya alasiri. Usiiwashe asubuhi ukitoka kazini, utaufukuza usingizi uliouhitaji. Mwenye baipola (ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi), mwenye ugonjwa wa jicho, au anayetumia dawa zinazofanya ngozi iungue na mwanga, amuone daktari kwanza. Na taa hiyo haileti vitamini D, kwa sababu mionzi inayoitengeneza imechujwa makusudi. Jua la Winnipeg nalo katikati ya winta liko chini mno kuitengeneza mwilini, na ngozi nyeusi inahitaji jua zaidi. Kiwango kinachopendekezwa Kanada kwa mtu wa umri wako ni yuniti 600 kwa siku, na jumla ya vyanzo vyote isizidi 4,000. Maziwa ya dukani huko huongezewa vitamini hiyo.

Bado kidogo kuhusu jua. Mwisho wa Januari litazama kama saa 11:19, yaani dakika 50 baadaye kuliko Desemba 21. Februari mchana unaongezeka zaidi ya dakika tatu kila siku. Mwisho wa Februari litachomoza saa 1:14 asubuhi, nawe utakuwa ndani ya basi ukirudi, kwa hiyo hapo ndipo utahitaji miwani ya giza ili usingizi usikatike. Faili la mama halina tarehe. Vita havina tarehe. Jua lina tarehe, na halijawahi kuchelewa. Nunua daftari la mistari, andika kila siku vitu vitatu: saa ya kuzama, kipimo cha joto, na jambo moja uliloliona kwa macho yako. Usiandike ulivyojisikia. Ukianza na hisia, siku mbaya zote zitafanana na utaliacha daftari kabla ya wiki kuisha.

Siku za mapumziko usijigeuze ghafla ukalala usiku mzima kama wengine, kisha Jumatatu ukaanza upya. Lala saa tisa usiku hadi saa nne asubuhi. Mwili unaikubali njia hiyo ya katikati, na unapata mchana wa kutosha kukaa na familia.

Sasa dirisha, maana nadhani ndilo lililokuumiza zaidi.

Ile barafu haikutoka nje. Ni maji ya ndani ya nyumba yako: maharage yaliyochemka kwa saa mbili, ugali, nguo zilizoanikwa sebuleni, pumzi za watu watatu. Hewa ya joto hubeba mvuke mwingi, ikigusa kioo cha baridi haiwezi kuubeba tena, inautua, na kioo kikiwa chini ya sifuri mvuke unaganda. Watu wa Njombe na Makete wanaijua, ni sakitu, ileile inayounguza mashamba asubuhi za Juni na Julai. Blanketi lako limeizidisha. Linazuia joto la chumba lisifike kwenye kioo, lakini mvuke unapenya pembeni. Kwa hiyo umekitengenezea kioo friji.

Lifunue ukiamka, lisikae siku nzima. Bora zaidi, liondoe kabisa: vaa kitambaa cha kufunika macho, au weka pazia zito linaloachia nafasi ya sentimita tano juu na chini ili hewa izunguke. Funika sufuria. Washa feni ya jikoni unapopika na uiache dakika 20 baada ya kuzima jiko. Nje ikifika hasi 30, unyevu wa ndani usizidi asilimia 20 hivi, na kipimo chake ni kidude kidogo cha kuweka mezani. Barafu iliyopo usiikwangue kwa kisu, utachana mpira wa fremu. Acha iyeyuke, tandika taulo chini, futa mpaka pakauke. Maji yakikaa kwenye mbao, Machi utakuwa na ukungu mweusi, na huo ndio wa kuogopa kwa kifua cha mtoto.

Kabla hujafuta, lakini, mwite Neema muitazame kwa karibu na tochi pembeni. Inaota kama majani ya mkangaga, kila jani na mshipa wake, kwa sababu inafuata mikwaruzo na vumbi la kioo. Ni mvuke wa maharage yako ule.

Kuhusu kutoka nje nitasema kifupi kwa sababu ninyi mna winta moja mkononi. Pamba isiguse mwili. Inashika jasho, na jasho likipoa linakunyang'anya joto. Ndani sufu au poliesta, katikati sweta nene, nje kitu kinachozuia upepo. Viatu viwe na nafasi ya kuchezesha vidole, kwa sababu soksi ya pili ndani ya kiatu kinachobana inakata damu na miguu inapoa zaidi. Glovu zisizotenganisha vidole zina joto kuliko zenye vidole. Kuna nambari mbili: joto halisi, na baridi ya upepo jinsi ngozi inavyoisikia. Ya pili ndiyo ya ngozi. Ikifika hasi 28, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Ikifika hasi 40, dakika 5 hadi 10. Vipeperushi vingi vinaonya juu ya doa jeupe, lakini kwenye ngozi yetu doa linaweza kuwa la kijivu tu au lisionekane vizuri, kwa hiyo tumia mkono: shavu la mtoto likiwa gumu kama nta na yeye hasikii ukimgusa, rudini ndani. Usisugue, na usipake theluji hata kama jirani atasema ndiyo dawa. Maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39 yanatosha, na malengelenge yakitokea nenda hospitali.

Sasa tuje kwenye lile swali lenyewe.

Mei 1848 mmisionari Johannes Rebmann aliuona weupe juu ya Kilimanjaro. Aliandika kwamba alipomuuliza kiongozi wake wa safari ni nini kile, yule bwana alikiita "baridi" tu. Hakusema utakaso, hakusema sanda. Nampenda mtu yule. Alikitaja kwa kile alichokijua juu yake na akaendelea na safari. Hao dada zako wa kanisani kila mmoja ameibeba theluji akaitia moyo wake mwenyewe, mmoja una matumaini na mwingine umechoka, kisha wakakupa wewe uvae. Si lazima uvae.

Mvua ya nyumbani haikuanza kusema na wewe siku uliyozaliwa. Mama yako alikufundisha: wingu la upande gani, harufu ipi, mchwa wakiruka ufanye nini. Miaka mingi. Kisha ukaitumia, ukalima, ukakinga maji. Ndipo ikawa na maana. Theluji hujafundishwa na hujaifanyia kazi. Anza na masikio: ikiwa laini na nzito, hatua haitoi sauti na mpira wa theluji unashikana, kwa hiyo joto liko karibu na sifuri. Ikikwaruza chini ya kiatu kama unakanyaga wanga wa muhogo, ni hasi 10 au chini zaidi. Baada ya mwezi utataja kipimo kabla hujafungua simu. Siku ya baridi kali yenye jua, tazama pembeni mwa jua, kulia na kushoto. Nyosha mkono, tanua kiganja: kutoka kidole gumba hadi kidole cha mwisho ni karibu nyuzi 20, na hapo ndipo huonekana madoa mawili ya mwanga kama majua madogo. Ni vipande bapa vya barafu vinavyoelea hewani vikipinda mwanga kwa nyuzi 22. Hizo tambarare za Manitoba ni mahali pazuri pa kuviona.

Kwa Neema, chukua kitambaa cheusi cha sufu, kiweke nje dakika 15 kipoe, kisha mkingie theluji inayoanguka. Kioo cha kukuzia cha mara 10 kinatosha. Zuieni pumzi. Karibu na hasi 15 mtapata nyota zenye matawi sita, karibu na hasi 5 mtapata sindano. Sita kwa sababu maji yanapoganda chembe zake hujipanga pembe sita. Kitambaa kikiwa na joto la nyumba, mtaona matone tu na mtoto atakata tamaa.

Halafu ipe theluji kazi. Hiki ndicho nilichotaka ufanye tangu mwanzo, na Januari ni wakati wake. Unahitaji madumu mawili ya maziwa ya lita nne, yale yanayopitisha mwanga. Yaoshe. Choma mashimo manane kwenye kitako kwa msumari uliopashwa moto, na mengine manne ubavuni karibu na chini. Kata dumu kulizunguka, sentimita 10 hadi 12 kutoka chini, ukiacha sentimita tatu bila kukata upande wa mkono ili iwe bawaba. Jaza udongo wa mifuko wa kuoteshea miche, kina cha sentimita nane hadi kumi, ulowane kama sponji uliyoikamua. Udongo wa kuchimba haufai, unashikana kama tofali, na kwanza huwezi kuuchimba sasa. Dumu la kwanza panda sukuma wiki, mbegu 15 hivi, kina cha nusu sentimita. Funga kwa utepe mpana wa gundi. Kifuniko cha mdomo kitupe. Weka yote mawili nje, upande unaopata jua, mahali theluji inapoweza kuyaangukia. Kama baraza lina paa, dondoshea konzi ya theluji mdomoni mara moja kwa wiki. Basi. Yataganda kama jiwe na hutakiwi kuyaingiza ndani hata ukiyaonea huruma.

Dumu la pili panda mbegu za Asclepias, mmea wa porini wa huko Manitoba ambao kipepeo monaki hutagia mayai. Hizi ni tofauti. Sukuma wiki inavumilia baridi tu, wala haiidai. Asclepias inaihitaji: bila mwezi au zaidi wa baridi na unyevu, mbegu nyingi hukaa kimya hata uzibembeleze vipi. Yapo mambo yanayovumilia winta na yapo yanayoihitaji, na mwanangu, huna deni la kuwa la pili. Kuivumilia kunatosha.

Yanayoharibika ni haya. Mashimo machache, maji yanasimama, mbegu zinaoza. Kifuniko kikibaki, siku moja ya jua kali la Aprili inapika miche yote kwa mchana mmoja. Upepo unaangusha dumu likiwa peke yake, kwa hiyo yafunge pamoja kwa kamba. Na lengalenga, yaani mchicha, usiipande humo. Mchicha wetu sakitu moja tu inaumaliza, uache hadi mwisho wa Mei au Juni mwanzoni. Sukuma wiki itachungulia mwishoni mwa Aprili, pengine usiku bado unaganda, na itasimama. Miche uihamishe kuanzia katikati ya Mei.

Umesema unaona vibaya kucheza wakati kaka yako yuko mashakani. Saa moja ya Neema alasiri haitoki kwenye fungu la kaka yako. Fungu lake ni pesa unazotuma na simu unayopokea, na vyote viwili vinahitaji mtu aliyelala na kuona jua. Panga siku maalumu ya kutuma kila mwezi, iandike daftarini, na siku nyingine usijihukumu upya.

Umenihakikishia huna mawazo ya kujidhuru, nami nimekuamini. Ila ukibadilisha usingizi na mwanga kama nilivyosema, na baada ya wiki mbili bado siku nyingi huna hamu ya chochote, unalia bila sababu, unalala kupita kiasi au unatafuna wanga na sukari bila kushiba, nenda kwa daktari, umwambie neno kwa neno ulivyoniandikia. Omba mkalimani wa Kiswahili, usimtumie mume wala mtoto. Mawazo mabaya yakija, piga au tuma ujumbe 988, saa yoyote, Kanada nzima. Na ukipata nafasi, muulize msimamizi kama kuna zamu ya jioni. Kuuliza si kulalamika.

Wiki hii fanya mawili tu. Kesho asubuhi ingia kitandani saa mbili, simu ikae jikoni. Na ukiamka saa tisa na nusu, mtume Neema aoshe madumu. Majina ya mbegu na tarehe ya kupanda aandike yeye, kwenye kipande cha plastiki kilichochomekwa ndani ya udongo, kwa penseli. Wino wa kalamu utafutika kabla ya Machi.

Shangazi